Furaha kwa Kauli Moja

Mwezi uliopita nilimkuta Mshamo kwenye benchi la kliniki ya kisukari. Mzee wa mkongojo sasa, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni kama zamani, anawahadithia vijana wawili waliowaleta bibi zao jinsi "sisi" tulivyoisusia Olimpiki ya Kanada. Sisi! Mtu ambaye sijapata kumwona akikimbia hata mvua. "Tulisusia kwa moyo mkunjufu, wajukuu zangu," anasema, "kwa kauli moja, bila mtu hata mmoja kununa." Aliponiona akaninyooshea mkongojo: "Muulizeni mwalimu huyu, alikuwepo." Vijana wakanigeukia kwa adabu. Nikawaambia nilikuwepo kweli, na mmoja alinuna, nikahama benchi. Nilivyokuwa nimekunja uso, muuguzi alidhani ni sukari imeshuka, akaniletea juisi. Sukari yangu ilikuwa sawasawa. Kilichonikunja uso ni ule moyo mkunjufu.

Kwa hiyo mwaka ule nauandika mwenyewe, kabla Mshamo hajaumaliza kwa mdomo wake. Nilizaliwa wapi, nani alinioa, kwa nini aliondoka, hayo hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne, mtoto wa kunyonya aitwaye Zuhura, na hasira. Nilipanga chumba cha uani Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyoezekwa bati bila dari. Nyumba isiyo na dari haina siri. Ukuta unaishia kimo cha mtu na nusu, juu yake ni hewa tupu mpaka kwenye bati, na hewa hiyo inabeba kila kitu: nani anakohoa, nani kamnunia mkewe, nani anakaanga samaki changu leo na wewe una mchicha. Mwaka ule sukari tuliipangia foleni, na unga tuliokula ulikuwa wa njano, wa msaada, una harufu ya ghala, ukiusonga ugali wake unakatika kama sabuni ya mche. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani na pazia la maua, alikaa Mshamo. Alikuwa katibu wa tawi la chama mtaani kwetu. Sukari hakuikosa. Tulijua kwa sababu kijiko chake kilikuwa kinagonga kikombe kila asubuhi, ngi-ngi-ngi, na wapangaji watano wote tumelala macho tunakisikiliza.

Jioni nilifundisha Kiingereza cha watu wazima kwenye shule ya msingi ya jirani, kwa posho ya kununulia mafuta ya taa na kanga moja kwa mwaka. Chumba kilikuwa cha watoto wa darasa la pili. Wanaume wazima walikaa kwenye vidawati vile magoti yakiwagusa videvu, na ukutani juu ya vichwa vyao kuna picha ya kuku na vifaranga. Mshamo naye alikuwa mwanafunzi, na kwa kuwa ni katibu wa tawi, akajifanya mwenyekiti wa darasa pasipo mtu kumchagua. Mbele kabisa alikaa Bi Salima, muuza vitumbua, mama wa Kizaramo aliyezaliwa mtaa huohuo. Aliniambia siku ya kwanza kwamba anataka Kiingereza ajue mabaharia wanaokuja kununua vitumbua vyake wanamtukana nini. Yeye ndiye aliyempakata Zuhura nilipokuwa ubaoni, na Zuhura akililia ziwa alikuwa anapaza sauti: "Mwalimu, mwenye darasa anaita!" Nanyonyesha huku nawasomesha. Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Mshamo, ambaye alikuwa anatazama juu kama vile chumba kile nacho kilikuwa na dari.

Na dirishani alikaa Rajabu. Rajabu alitoka Lindi, mchukuzi wa mizigo kwenye soko jipya. Mchana kutwa anateremsha magunia shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, jioni anaingia darasani ananuka vitunguu, na akitoka kwangu anakwenda ukumbini kupigana ngumi. Alikuwa bondia wa uzito mwepesi, mzuri, na aliitwa kambi ya timu ya taifa. Kiingereza alikitaka kwa sababu moja tu. Aliambiwa huko ng'ambo refa anaamuru kwa Kiingereza, na wewe usiposikia ameamuru nini unapokonywa pointi, na ukirudia unatolewa. Basi akija darasani anauliza: simama wanasemaje, achaneni wanasemaje, kichwa chini wanasemaje. Walipompeleka kambini alikuwa anakuja jioni mbili tatu kwa wiki kwa miguu, jasho limemkaukia, anasinzia na kalamu mkononi. Nilipenda kumfundisha. Wengine walitaka Kiingereza cha kuonekana, yeye alikitaka cha kutumia.

Halafu ikaja ile habari redioni. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu Afrika Kusini, mwaka uleule ambao watoto wa shule wa Soweto walikuwa wanapigwa risasi barabarani. Nchi za Afrika zikasema: hao wakikaribishwa Olimpiki, sisi hatuendi. Hawakuzuiwa. Hatukwenda, na nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele. Nieleweke vizuri hapa, maana watu wanapenda kunielewa vibaya: niliafiki, na ninaafiki mpaka leo. Mtu anayecheza mpira na muuaji wa watoto, mimi sikai naye meza moja. Lakini Rajabu alirudi kutoka kambini na begi la turubai, akakaa dawati lake la dirishani, na hakuniuliza neno lolote la refa jioni ile. Bi Salima akamtazama, akamega kitumbua, akampa nusu. "Kula, baba," akamwambia. Akala.

Mimi nikaona tusikae na jambo hilo kama maiti sebuleni. Tukalijadili. Nilifanya kama tulivyofanya sekondari: waliokaa upande wa dirisha watetee hoja kwamba tungekwenda, waliokaa upande wa ukuta wapinge. Hakuna aliyechagua, umekaa wapi ndiyo upande wako, na lengo lilikuwa kuwafungua midomo. Rajabu kwa dawati lake akaangukia upande wa kwenda. Akasimama, akaanza kwa Kiingereza chake cha kuunganisha kwa gundi, na mikono ikisaidia pale maneno yalipokwisha. Alisema yeye hajui kumpiga mtu asiyemwona. "Huyo rafiki wa Kaburu nileteeni ulingoni," akasema, "nimwangushe mbele ya dunia nzima, halafu mseme hiyo ndiyo siasa yetu." Darasa likapiga madawati. Bi Salima akainuka upande wa ukuta na Zuhura begani. Kiingereza kilimshinda maneno mawili tu, akaingia Kiswahili: "Ukimwangusha wewe utavishwa medali. Na mama wa yule mtoto wa Soweto, yeye atavishwa nini?" Rajabu akakuna shingo, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hapa nimepigwa. Bi Salima kanikuta sina ngao." Watu wakavunjika mbavu. Nimehudhuria mikutano mingi tangu siku ile, ya viti vya mbao na ya viti vya kuzunguka, na sijasikia tena watu wakizungumza siasa kwa akili na heshima kama wale wauza vitumbua na wabeba magunia. Mshamo hakucheka. Alikuwa amekunja mikono nyuma ya darasa.

Jioni ileile, namwogesha Zuhura kwenye beseni, nikasikia sauti ya Mshamo juu ya ukuta akizungumza na mgeni. "Tuna bondia pale darasani anatetea Makaburu. Hadharani. Na watu wanampigia madawati." Nikaacha mtoto na povu kichwani, nikaugonga ukuta kwa kata ya maji.

"Ndugu Mshamo! Ule ulikuwa mjadala! Pande niligawa mimi!"

Akajibu taratibu kama mtu anayemjibu mtoto: "Mwalimu, mnyonyeshe mwanao."

Wiki hiyohiyo tukaambiwa darasa litatoa azimio. Wasiokuwepo miaka ile hawajui azimio ni nini. Lolote likitokea, bei ya pamba, vita nchi ya mbali, chochote, kila kundi la watu lilikusanyika likaazimia kuunga mkono, na kuunga mkono kulikuwa kwa kauli moja, mikono yote juu. Hata kinyozi na wateja wake nadhani waliazimia. Sikuwa na tatizo na hilo, jambo lenyewe lilistahili. Lakini Mshamo aliongeza yake. Mgeni rasmi atatoka wilayani. Azimio litasomwa kwa Kiingereza, yaonekane matunda ya elimu ya watu wazima. Na msomaji atakuwa Rajabu, "ili ajisafishe." Ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo Mshamo aliitunga mwenyewe akaniagiza niitafsiri: kwamba mimi Rajabu, binafsi, nina furaha kubwa kwamba sikwenda Olimpiki. Na mwezi uliofuata timu ya ngumi ilikuwa inakwenda kupigana Lusaka. Kila bondia alitakiwa awe na barua ya tawi lake kuthibitisha mwenendo. "Akisoma vizuri," Mshamo akaniambia mlangoni pake, anakoroga chai, "barua ipo."

Rajabu alikuja chumbani kwangu kujifunza kulisoma. Nilimpikia ugali wa njano na dagaa wa nazi, akala amekaa kwenye kibao cha mbuzi kwa kuwa kiti kilikuwa na nepi. Tulisoma kuanzia juu. Tunalaani: akasoma vizuri. Tunaunga mkono: akasoma vizuri sana, kwa sauti ya kifua. Akifika kwenye furaha anasimama kama punda kwenye maji.

"Ruka hapo, mwalimu."

"Siwezi kuruka. Ndiyo anayoitaka."

"Kaburu simpendi. Kugoma nimekubali, Bi Salima alinifunga mdomo na mimi nikafungika. Lakini hii sentensi inasema nimefurahi. Mimi sijafurahi. Miaka minne nakimbia alfajiri mpaka Feri na kurudi. Mama yangu Lindi ameshawaambia watu wa mtaa mzima. Nimfurahie nani?"

"Kuna Lusaka, Rajabu."

"Najua iko." Akalamba vidole. "Nikupe gunia la kilo mia ubebe, utalibeba, ukishindwa utaliacha. Nikikwambia ulibebe halafu ucheke?"

Nikaenda kugonga chumba cha mbele nikiwa na mtoto kiunoni. Nikamwamkia kama inavyopasa, nikamwomba aiondoe furaha, aweke kwamba Rajabu amekubali. Mshamo akaniangalia kwa masikitiko. "Kukubali mtu anaweza kukubali huku kanuna," akasema. "Chama hakitaki watu walionuna. Furaha ndiyo siasa yenyewe." Nyuma yake juu ya kabati kulikuwa na redio yake kubwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Na hiyo redio ndiyo iliyonimalizia heshima niliyombakizia. Azimio lake lilisema vilevile kwamba darasa halitasikiliza hata matangazo ya mashindano yale. Lakini nyumba haina dari. Kila siku nilimsikia ameipunguza sauti, ameiinamia, mtangazaji wa ng'ambo anapiga kelele ndogo kama nzi ndani ya chupa, na Mshamo ananong'ona, "Kaza! Kaza!" Asubuhi moja tuko bombani na ndoo zetu nikamwuliza ghafla, kawaida kabisa, "Ndugu Mshamo, jana mbio nani kashinda?" Akajibu bila kufikiri, "Mkyuba." Bomba zima likacheka. Alichukua ndoo yake nusu, akaondoka, na nadhani tangu asubuhi ile nilikuwa nimekwisha.

Siku ya azimio ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Madawati yalisogezwa, meza ya mgeni rasmi ikatandikwa kitambaa, maandazi yakaletwa kwenye sinia na chai yenye sukari, sukari ya wazi, ya kuonekana kwenye bakuli, mpaka Bi Salima akaninong'oneza, "Kumbe ipo." Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mpole aliyechoka, aliyekwisha kusikiliza maazimio mengine siku hiyo. Rajabu alivaa shati la kuazima lililombana mabega. Akasoma. Tunalaani. Tunaunga mkono. Alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma. Akafika pale penye furaha. Akasimama. Akaiweka karatasi mezani, akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno peke yake: Sina furaha. Nilitaka kwenda. Nimetii kwa ajili ya watu wa Afrika Kusini.

Mgeni rasmi akapiga makofi. Alikuwa hajaelewa hata neno, alisikia tu kijana kanyamaza, akajua imekwisha. Meza yote ikapiga makofi kwa kuwa yeye kapiga. Na Mshamo, ambaye alielewa, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, akainuka uso mkavu kuwatafsiria wageni. "Ndugu yetu Rajabu anasema," akatangaza, "ana furaha kubwa sana kwamba hakwenda." Nilishawahi kusikia uongo. Huu ulisemwa mbele ya mwenye maneno yake, amesimama pale pale, shati limembana, anajisikia anafurahishwa kwa Kiswahili kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Hapana, Ndugu Katibu," Rajabu akasema. "Sikusema hivyo."

Mgeni rasmi akageuka kunitafuta. "Mwalimu ni nani? Ndugu mwalimu, kijana kasemaje?"

Nilimtazama Rajabu kwanza, maana barua ilikuwa yake, si yangu. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema. Nilisema yote matatu, bila kupunguza: hana furaha, alitaka kwenda, ametii kwa ajili ya watu wa Afrika Kusini. Mshamo akaanza kusema mwalimu bado mdogo, ana mtoto mchanga, usingizi hautoshi. Bi Salima akainuka na kikombe chake mkononi. "Mwacheni mtoto wa watu!" akasema. "Kwenda mmemnyima, na kununa mmnyime?"

Mtu angetegemea mgeni rasmi aseme kitu. Awe upande mmoja au mwingine. Alitazama saa yake, akatazama maandazi. "Lakini azimio limepita?" akauliza. "Limepita," akasema Mshamo. "Kwa kauli moja." Akaitisha mikono, na mkono wa Rajabu ulitangulia kwenda juu, kabla ya wa Mshamo mwenyewe, kwa sababu Rajabu aliunga mkono kweli. Hilo hakuna aliyelitazama. Walikuwa wanapitisha chai.

Jumatatu kwenye ubao wa tawi pakabandikwa kwamba bondia wetu ametangaza furaha yake kubwa. Jumanne nikaambiwa nipumzike kufundisha, nilee. Barua haikutoka. Nilikwenda tawini na Zuhura mgongoni, nikarudi kesho yake, nikarudi tena, mpaka karani akawa ananionea haya. Mara ya mwisho Mshamo alitoka mwenyewe mlangoni, hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu. "Kijana si amesema hana furaha?" akaniambia. "Basi Lusaka atafuata nini? Akae hapahapa asifurahi." Nilimtemea. Mate hayakumfikia, yaliangukia kizingiti, na hilo ndilo jambo pekee la mwaka ule ninalotamani lingekwenda tofauti.

Timu iliondoka kwa treni. Asubuhi ile nilikwenda sokoni, nikateremka shimoni kumtafuta Rajabu. Kulikuwa na ubaridi wa zege na harufu ya viazi vilivyooza, wachukuzi wanapiga mluzi watu wawapishe. Nilimwona anateremka ngazi na gunia la vitunguu kisogoni. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, ya Mshamo, ya tawi, ya nitakavyoandika wilayani, nikayamwaga yote na mtoto anarusha miguu mgongoni. Akanisikiliza mpaka mwisho na gunia halijashuka.

"Mwalimu," akasema, "Olimpiki walininyima nikauliza kwa ajili ya nani, nikaambiwa watu wa Soweto. Nikasema sawa, hao nawapa. Lusaka wameninyima kwa ajili ya nani?"

Alingoja. Aliuliza kwa dhati, kama alivyokuwa akiniuliza maneno ya refa, akiamini mwalimu atakuwa nalo jibu. Nyuma yake foleni ya magunia ilikuwa imesimama ngazini, mtu mmoja akafoka, "We Lindi, sogea, kuna watu wana mizigo hapa!" Rajabu akasogea.